Viti Saba Mpakani

Usiku wa jana, gari likiwa limelala uani kwangu kwa mara ya kwanza, niliota nimerudishwa ng'ambo ya mpaka kulinunua upya.

Yadi ya magari ilikuwa ile ile, ila muuzaji alikuwa kabati la nguo. Kila alipotaka kusema alifungua mlango mmoja, na alipomaliza aliufunga. Nilimsalimia. Ndotoni watu hatushangai ovyo, na isitoshe nilikuwa na shida yangu.

"Mzee, unataka la watu wangapi?" akauliza kabati.

"Saba."

"Na nyumbani mko wangapi?"

"Mmoja."

Akafunga mlango, akafikiri huko ndani, akafungua tena. "Mmoja na viti saba, mzee wangu?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza wote walionicheka kwetu Vwawa. Nia ya kununua gari niliiweka nikiwa mwalimu kijana wa darasa la nne, tukiwa saba mezani: mimi, mke wangu Tusekile na watoto watano. Tulikuwa tumeshagawana hata viti. Watoto wamekua, kila mmoja na mkoa wake, na Tusekile tulimzika, mwaka wa tatu huu. Hesabu ya viti sikuibadilisha. Ukitaka kuibadilisha lazima uanze kumfuta mmoja, na mimi nimefuta ubao miaka thelathini na minne, mkono umechoka.

"Haya," akasema kabati, akanitolea ufunguo kwenye droo ya soksi.

Nageuza ufunguo, na tayari niko mpakani. Mpaka umehamia ndani ya darasa langu la zamani. Madawati yamesogezwa, kizuizi cha barabara kimelazwa mbele ya ubao, na kwenye kiti changu amekaa afisa wa forodha. Ni muhuri, ule wa mpira, mkubwa kama ndoo, na kofia juu.

"Shikamoo, Mwalimu," anasema muhuri. Adabu anayo.

"Marahaba. Nimeleta gari."

"Lina umri gani? Hapa hatupitishi magari mazee."

Natafuta karatasi. Muhuri hazitaki, anasema karatasi ni waongo, anazijua maana yeye ndiye anayezigonga. Analiamuru gari lipitishe mkono juu ya kichwa liguse sikio la upande wa pili. Ndivyo tulivyowapima watoto wasio na cheti walipoletwa kuandikishwa darasa la kwanza, na wengi niliwarudisha kwao wakilia. Gari linainua waipa, linaipitisha juu ya paa, linajinyoosha mpaka linatetemeka. Kinabaki kidole kimoja tu kufikia kioo cha pembeni.

"Bado dogo," anasema muhuri. "Pole, gari."

"Asante," linasema gari, likihema.

Nikadhani tumevuka. Kumbe ndiyo kwanza mkoko ulikuwa unaalika maua. Muhuri anafungua milango, anachungulia ndani, anahesabu.

"Limeandikwa watu saba. Namwona mmoja. Sita wako wapi?"

"Si lazima wawepo, afande."

"Gari la saba linaingia na saba. Ungeleta baiskeli nisingekuuliza."

Ikabidi nipige simu. Nikaanza na Ipyana wa Bukoba, ambaye hajakanyaga nyumbani tangu msiba wa mama yake.

"Shikamoo, baba. Niko njiani," anasema, na nyuma yake nasikia vyombo vinaoshwa.

Atupele naye yuko njiani. Mapacha wako njiani, kwa sauti moja. Lusajo hapokei, anatuma ujumbe: niko njiani baba. Wanangu wako njiani mwaka wa tatu sasa, na kila Krismasi mimi napika wali wa watu sita. Siwalaumu, kazi ni kazi. Lakini inauma, nisiseme uongo.

Muhuri ni mtu wa kanuni. Anaandika kitabuni, "Watano, njiani," kisha anaruka juu ya ukurasa mara tano. Halafu anaonyesha kiti cha mbele, kushoto.

"Na huyu yuko njiani?"

"Hapana," nasema. "Huyu alishafika."

"Wapi?"

"Kaburini, afande. Mwaka wa tatu."

Muhuri akavua kofia. Akakaa nayo mkononi kwa muda, ingawa mikono hana, kisha akaivaa tena. "Pole sana, Mwalimu. Basi kiti hicho tukifungue kibaki hapa. Utapita na sita."

Spana zikaanza kutambaa zenyewe sakafuni. Nikasimama mlangoni mwa gari. Mimi ni mtu wa serikali, sijawahi kumkatalia afisa. Hata nikiwa peke yangu dirishani huwa napanga foleni. Lakini nikasema, "Kikibaki kiti, libaki gari. Na mimi nibaki." Nikakaa chini, nikaegemea tairi, nikalia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile kulikuwa na wageni wa kuhudumia.

Ndipo kiti kiliposema. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa kusumbua.

"Samahani, afande. Mimi nina mtu."

"Simwoni," anasema muhuri.

"Hata mimi simwoni. Lakini mimi ni kiti, najua nilichobeba."

Muhuri anainama, anatazama. Kiti kimedidimia kidogo, kiasi cha mwanamke mwembamba. Anaandika saba, anagonga. Kizuizi kinainuka, ubao unafunguka katikati, na nje ni barabara ya Vwawa, mibuni huku na huku.

Naendesha. Kushoto sigeuki, naogopa nikimtazama ataona haya ashuke. Namsimulia habari za bati la jiko linalovuja, na za mahindi ya mwaka huu. Hanijibu. Hata hivyo sijisikii mpweke hata kidogo, na nikaendelea hivyo mpaka jogoo wa jirani alipoingilia mazungumzo.

Niliamka kumeshapambazuka. Nyumba ilikuwa kimya, kama ilivyozoea. Nikanawa uso, nikachukua ufunguo, nikatoka uani huku najiambia kwamba ndoto ni ndoto. Gari lilikuwa limelowa umande. Nikaingia peke yangu, nikafunga mkanda, nikaliwasha.

Likaanza kulia: ti, ti, ti. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ambayo jana, njia nzima kutoka mpakani, haikuwaka hata mara moja. Muuzaji wa kweli, yule mwenye miguu, alikuwa amenieleza kazi yake: huwaka pale tu mtu anapokaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda.

Nikatazama kushoto. Kiti kilikuwa kitupu. Nikanyoosha mkono, nikauvuta mkanda, nikaufunga taratibu nisije nikambana.

Kelele ikanyamaza.