Mtungi wa Mtakatifu Mamas

Sozos alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani, nalo ni mtungi wa mvinyo. Zabibu za konde lake la juu, akishazianika juani hadi zisinyae, ndizo zilizotoa mvinyo wa Ushirika katika kanisa la Mtakatifu Mamas. Na huko kwao, kwenye vilima vya Kupro, mtungi ukishatolewa kwa kanisa, mwenyewe hauonji tena. Sozos hakuuonja.

Miaka mitatu nyuma, mdogo wake Prodromos, mwenye konde la chini, alimwambia, "Kaka, ule mtungi umechacha." Sozos akaona ni wivu mtupu. Tangu hapo hakumwamkia tena. Na kwa kuwa kasisi Yakumi hampi Ushirika mtu mwenye kinyongo, Sozos akawa anasimama nyuma, penye mishumaa, akiwatazama wenzake wakitoka kupokea huku machozi yakiwalengalenga.

"Unaona watu wanavyoguswa?" alimwambia mkewe, Lulla.

"Wanaguswa sana," Lulla akajibu.

Mwaka huo, sikukuu ya mtakatifu ilipokaribia, Sozos alishindwa kuvumilia. Alitaka naye aguswe. Akapiga moyo konde, akashuka kwa mdogo wake.

"Nisamehe," alisema, akiutazama ukuta.

"Kwa lipi?"

"Kwa yote. Kesho nataka kupokea."

"Haya, yamekwisha. Kaa ule zeituni."

Kesho yake Sozos alifumba macho, akafungua kinywa, kasisi akamtilia kijiko cha mvinyo. Siki. Siki ya kutia kwenye kachumbari. Machozi yakamtoka. Alipogeuka, akamwona Prodromos akipokea na kumeza bila hata kukunja uso.

Nje, chini ya kengele, alimshika mkono. Aibu ilikuwa inamla mzimamzima.

"Miaka mitatu mnakunywa hii? Kasisi naye kanyamaza?"

"Alisema ukiambiwa utakufa."

"Si ungepeleka mvinyo wako!"

"Aliniomba. Nikakataa."

"Ukakataa! Una wazimu wewe?"

Prodromos alipangusa masharubu.

"Kaka, ulikuwa hata salamu hunipi. Ningeacha kunywa hiyo, ningebaki na nini chako?"