Boga Lenye Mwanya

Mimi Dionisia sijazoea kuogopa mtu. Marehemu mume wangu Severini ndiye aliyeniogopa, na hata katekista Kornel akiniona nakuja hukaa sawa. Lakini Jumamosi ile niliwaogopa wajukuu zangu wawili, Ivan wa miaka minane na Beatrisi wa mitano. Kesho yake ilikuwa Siku ya Marehemu Wote, na nilikuwa bado sijawaambia kuwa mama yao amekufa.

Koleta, binti yangu, alikuwa dada wa kazi Dar. Mwezi wa nane aliumwa kichwa Jumatatu, Alhamisi nikapigiwa simu. Maiti ilipofika hapa Mnero, watoto nilishawapeleka kwa mama yao mdogo, Agatha, kule Nambilanje. Nikasema wakirudi nitawaambia. Wakarudi, nikasema kesho. Majirani niliwaonya kwamba atakayefungua mdomo tutaonana wabaya, na wananijua. Watoto wakiuliza mbona mama hapigi, nawaambia mtandao unasumbua. Wakaamini, maana huku kwetu kweli unasumbua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo chenyewe ndicho nilichokuwa nakificha. Kila mwaka siku hiyo Kornel husimama makaburini na daftari, anasoma majina ya waliokufa mwaka huo, tunawaombea. Jina la Koleta nilikuwa nimempelekea mwenyewe. Nisingeweza kumnyima mwanangu sala kwa ajili ya uoga wangu. Kwa hiyo ilibidi niseme kabla ya Jumapili jioni.

Habari ya boga aliileta Ivan. Kwenye simu yangu kuna video Koleta aliyotuma mwaka jana: amekaa jikoni kwa tajiri wake, analichonga boga macho na meno, anaweka mshumaa ndani, watoto wa watu wamemlalia mapajani wanacheka. Hawa wake walikuwa huku, wananilalia mimi. Iliniuma siku ile ile ya kwanza, na sasa siwezi kuifuta.

"Bibi, na sisi tuchonge," akasema. "Tumpelekee babu kaburini. Mshumaa ukiwa ndani upepo hauuzimi."

Akili ya mama yake hiyo. Nikashusha boga la mbegu kutoka darini, maana mbegu zake ningezitoa tu kabla ya mvua. Nikalikata kichwani kwa panga, wao wakaingiza mikono, wakakomba. Nikajiambia, wakimaliza kukomba nasema.

Beatrisi anasoma chekechea, na kila kitu kwake ni shule. Akazipanga mbegu kwenye ungo, akaanza kuziita majina ya wenzake. Jina lililokosa mbegu aliliitikia mwenyewe, kidole juu: "Hajafika, mwalimu." Tukacheka wote watatu. Ningesemaje hapo? Nikajiambia, tukimaliza macho.

Ivan akachora kwa mkaa, mimi nikakata kwa kisu. Tulipofika kwenye meno, Beatrisi akanishika mkono.

"Hapo usiweke jino. Mama ana mwanya."

Mlango wa kusema alinifungulia mwenyewe. Na mimi, mwanamke mzima, nikamuuliza, "Uwe mkubwa au mdogo?" Nilijichukia, na najichukia mpaka leo.

Jumapili njiani niliwasimamisha. Nikasema, "Wajukuu zangu, mama yenu." Beatrisi akanitazama, boga kalikumbatia kama mtoto mchanga. Nikamalizia, "Mama yenu angelipenda boga hili." Akasema atamwonyesha akija Krismasi, na tukaendelea kutembea.

Makaburini niliwaweka kwa babu yao. Kaburi la Koleta liko safu ya nyuma, na msalaba wake sikuuandika jina, kwa sababu hiyo hiyo. Upepo ulikuwa mkali, mishumaa ya watu ikazimika mmoja mmoja, wa kwetu ukawaka ndani ya boga na ule mwanya wake. Watu walitusifu. Kornel akafungua daftari. Nilitaka kuwashika watoto mkono niwatoe, nikajiambia, bado kidogo.

"Koleta Severini," akasoma, akanyamaza kidogo kama anavyofanya kwa kila jina.

Beatrisi akanyoosha kidole juu. "Hajafika, mwalimu," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na watu wote. "Anakuja Krismasi."

Hakuna aliyecheka. Kornel akaangalia daftari, halafu akaniangalia mimi. Mama mmoja nyuma yetu akaanza kulia. Ivan yeye hakulia. Yuko darasa la pili, na tangu mwanzo alikuwa ameelewa ni majina ya akina nani yanasomwa. Akaushusha mkono wa mdogo wake, taratibu.

"Bibi," akasema, "kaburi lake ni lipi?"

Mimi niliyetisha kijiji kizima nilinyoosha kidole tu. Akalichukua boga kutoka kaburi la babu yake, akamshika Beatrisi mkono, wakaenda. Nilianza kuwafuata. Ivan akageuka, akaniambia nibaki pale pale.