Albamu ya Kufukuzia Ndege

Nilimtukana mpwa wangu redioni siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, na nilifurahia kila neno.

Kipindi changu kinaitwa Sikio la Mwalimu. Kila wiki nachukua kazi ya msanii mmoja wa bonde letu, kuanzia Sanje mpaka ng'ambo ya mto, naicheza kidogo, kisha naisema. Wasikilizaji hawanipendei sifa ninazotoa, wananipendea ukali. Miaka ishirini na mbili nilifundisha kwaya ya parokia, na waimbaji wangu wa zamani, ambao sasa wana wajukuu, wakinikuta sokoni bado wananiigiza: “Umechelewa kuingia! Toka nje!” Ni kweli, nilikuwa nawatoa. Niliwahi kumtoa bwana harusi wa wiki ileile kwa kuchelewa nusu pigo. Muziki ni kuingia kwa wakati wako, na sikuona kwa nini nimbembeleze mtu juu ya jambo hilo.

Evod ni mtoto wa pekee wa marehemu dada yangu, Mariana, aliyetutoka mwaka jana mwezi wa nane. Baada ya mazishi kijana alijifungia kwenye chumba chake cha kupanga pale Lumemo, yeye na gitaa la umeme na kompyuta, na magodoro mawili ameyasimamisha ukutani ili majirani wasimpigie kelele. Alifanya kila kitu peke yake: magitaa, besi, ngoma, sauti. Alipotoka alikuwa na albamu ya nyimbo nne zenye jumla ya dakika hamsini na nane. Aliniletea mwenyewe nyumbani, kwenye flashi, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Ndiyo nini hii?”

“Albamu yangu. Ni doom metal, ya progresivu.”

“Sema Kiswahili.”

“Muziki mzito, wa polepole, unaogeuka njiani. Mjomba, naomba kitu kimoja tu. Isikilize mpaka mwisho. Wengine wakiichukia, sawa. Wewe isikilize mpaka mwisho.”

Nikamwambia nitaisikiliza. Sikuisikiliza. Nina utaratibu wangu, na nimewafundisha watangazaji wadogo pale studio: wimbo ambao haujasema kitu ndani ya dakika moja hauna cha kusema. Nikaweka albamu kwenye simu, simu nikaiegemeza kwenye jagi la maji, nikala ugali wangu na perege huku nikisikiliza dakika moja ya kila wimbo. Wimbo wa nne nikauvuta mbele kwa kidole, karibu na mwisho kabisa, nikakuta kimya. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna chochote. Nikacheka peke yangu, nikazima, nikaenda kunawa.

Jumamosi nikawasha maikrofoni.

“Ndugu wasikilizaji,” nikasema, “leo nimeletewa muziki wa mtu anayeburuta kabati. Analiburuta robo saa, anapumzika, anaanza tena. Halafu kuna sauti. Sijui ni ya nguruwe pori au ya jini lenye mafua, lakini ingeingia kwenye kwaya yangu ningemwita padri na maji ya baraka. Mwishoni msanii amesahau hata kurekodi, ametuachia kimya, akidhani tutaona ni ufundi. Ila wakulima, msiitupe. Ndege wameshaingia mpungani. Iwekeni kwenye spika, watahama wote mpaka Malinyi!”

Simu ya studio haikupumzika. Watu walicheka mpaka kwenye vijiwe vya bodaboda wakawa wanaigiza lile kabati. Na kama ilivyo kawaida, mmoja akishaanza kurusha jiwe, wengine wanaokota yao. Kwenye kundi la Facebook la wilaya waliandika kwamba kijana amejiunga na frimasoni. Ukurasa mmoja wa wapenzi wa muziki wa metali kutoka Nairobi, ambao Evod aliwatumia kwa matumaini makubwa, uliandika kwamba magitaa yamerekodiwa ndani ya pipa na msanii angefaa kutafuta kazi nyingine. Mwenyekiti wa kwaya ya kigango chao akamwambia Evod, mpiga kinanda wao, apumzike kwanza, mpaka maneno yapoe. Maneno hayakupoa. Kila Jumamosi kuna mtu alipiga simu kuniomba nimrudie tena yule wa kabati, na mimi nikamrudia, jumla wiki tatu mfululizo.

Wiki ya nne nilikutana na Evod sokoni, uso kwa uso, mbele ya mafungu ya nyanya. Nikasimama nikingoja shikamoo yangu. Akanipita.

Kwetu, mpwa asiyemwamkia mjomba wake amekwisha kusema yote. Mimi sina mtoto. Mke wangu nilimzika zamani, Mariana naye kaenda. Evod akiacha kuniamkia, hakuna damu yangu nyingine iliyobaki duniani ya kuniita mjomba. Nililijua hilo palepale sokoni, na bado nikajiambia: akasirike tu, mwanamuziki asiyetaka kusemwa akauze vocha. Ndivyo nilivyo. Nikanunua nyanya zangu nikaondoka.

Mwezi wa tano nikavuka daraja kwenda kuangalia mpunga wangu. Shamba letu liko ng'ambo, upande wa Lupiro, tumeachiwa na wazazi. Siku hizi nusu yake analima Minza, mama wa Kisukuma aliyehamia bondeni na mumewe na ng'ombe wao, na ndiye anayeniangalizia na nusu yangu. Nikiwa bado njiani nikasikia kabati linaburutwa.

Nilidhani masikio yananicheza shere. Kumbe Minza amefunga spika kubwa juu ya dungu, pale kwenye jukwaa la miti anapokaa kuamia ndege, na paneli ya sola ameilaza juu ya paa la nyasi. Muziki wa Evod ulikuwa unatoka humo. Haukuwa ule niliousikia kwenye jagi la maji. Simu yangu haikuwa na besi hata kidogo, na hapa besi ilikuwa inanipanda kutoka kwenye nyayo.

“Shikamoo Mwalimu!” Minza akaniita kutoka juu. “Umeona? Dawa yako inafanya kazi!”

“Marahaba. Dawa gani?”

“Si wewe mwenyewe ulisema redioni? Nikamwambia fundi simu aniwekee kwenye memori. Nyimbo nyingine ndege wanazizoea, wanakula huku wanasikiliza. Hii inanyamaza, inashtua, inanyamaza. Hawaiwezi.”

Nilicheka, tena kwa kujisikia. “Na wewe unaivumiliaje kutwa nzima?”

“Mwanzoni niliichukia kwelikweli. Sasa ni mwezi, naijua yote. Ila pale mwisho pananiumiza.”

“Mwisho hakuna kitu, Minza. Kijana alisahau kurekodi.”

“Mwalimu, hivi uliisikiliza? Kuna mama anaita. Anaita, halafu anangoja ajibiwe. Mimi huwa namwitikia abee, lakini najua si mimi ninayeitwa.”

Nilipanda dunguni kwa ubishi, ili nimwonyeshe kwamba hakuna mama. Wimbo wa nne ndio uliokuwa unaanza. Una dakika kumi na tisa. Nikakaa na mikono kifuani, nikangoja kushinda.

Ile sauti niliyoiita jini ilianzia chini kabisa, ikinguruma. Baada ya mizunguko kadhaa ikawa nyepesi kidogo, na mwendo wake ukaongezeka kidogo. Halafu tena kidogo. Kwa dakika kumi kijana alikuwa anaipandisha hatua kwa hatua, na magitaa yanapungua moja moja kuipisha, na mimi, mwalimu wa muziki wa miaka ishirini na mbili, sikuelewa nasikia nini mpaka magitaa yalipokatika yote na sauti ikabaki peke yake, ya mwanamke, ya kawaida, imechoka, iko shambani.

“Kele! Wanakujaaa!”

Kisha kimya.

Mimi ndimi Kele. Naitwa Kelestini, lakini aliyekuwa ananiita Kele ni mtu mmoja tu. Tulipokuwa watoto, mama alimweka Mariana kwenye dungu la juu ya shamba hilihili na mimi kwenye dungu la chini. Ndege wakifukuzwa kwake wanaruka kundi zima kuja kutua kwangu, kwa hiyo yeye huniita, na mimi lazima nijibu kabla hawajafika: “Waje, nipo!” Kila familia ilikuwa na wito wake, ili mtoto asije akamwitikia wa shamba jingine akaacha la kwao likaliwa. Nikichelewa kujibu, jioni Mariana ananipiga madongo ya tope mpaka nyumbani. Wazazi wamekufa. Hakuna mtu aliye hai anayejua jibu la wito ule isipokuwa mimi.

Na mimi nilikivuta kile kimya kwa kidole nikakicheka, kisha nikamwita dada yangu nguruwe pori mbele ya bonde zima. Nililia juu ya dungu la watu, mbele ya mke wa mtu, na sikuona aibu. Minza alikuwa na adabu, akageuka kuwatazama ndege.

Nilichukua bodaboda moja kwa moja mpaka Lumemo. Evod alifungua mlango. Magodoro yalikuwa yameshateremshwa ukutani, na gitaa limefungwa kwenye shuka. Hakuniamkia.

“Ni mama yako,” nikasema.

“Ndiyo.”

“Sauti yote ile. Tangu mwanzo.”

“Ndiyo. Nimempunguza mwendo mara nane.” Hakupandisha sauti hata kidogo. “Jini lenye mafua.”

“Evod, ungeniambia.”

“Nilikuambia. Nilisema sikiliza mpaka mwisho.”

Nikamuuliza alimrekodi lini.

“Mwezi wa sita, kabla hajalazwa. Alitaka kuuona mpunga. Tulikupigia uje, ukasema una kipindi. Tukiwa pale akanionyesha mlivyokuwa mnaitana. Akaita. Halafu akanyamaza, mimi nikadhani amemaliza, nikataka kuzima simu, akanizuia mkono. Akasema ngoja, atajibu. Zilikuwa sekunde tisa. Nimeziacha vilevile.”

“Nitaomba radhi hewani.”

“Sitaki radhi, Mwalimu. Radhi nayo utaifanya ichekeshe.” Hakuniita mjomba. “Uchezeni huo wimbo. Wote. Mimi nauza gitaa Jumatatu.”

Akafunga mlango polepole, na ingekuwa heri kama angeubamiza.

Jumamosi nikamwambia Rosemery, meneja wetu, kwamba leo nacheza wimbo mmoja wa dakika kumi na tisa.

“Mwalimu, wewe mzima? Watu watahamia redio nyingine.”

“Wahame.”

Sikutoa utangulizi. Nilisema tu jina la Evod na kwamba wiki tatu nilisema juu ya kazi ambayo sikuwa nimeisikiliza, kisha nikauachia. Dakika ya pili ujumbe wa kwanza ukaingia kwenye kioo cha kompyuta: Toeni huo uchafu. Kisha: Mwalimu ameugua? Kisha: Nina wageni hapa, mnataka wakimbie? Kisha mtu akaandika “KABATI” kwa herufi kubwa, mara kumi na mbili. Nilizisoma zote. Nilizitambua nyingi, maana ni maneno yangu mwenyewe waliyokuwa wananirudishia.

Dakika ya kumi na moja Rosemery akagonga kioo cha studio, akapitisha kidole shingoni: kata. Nikageuza kiti nikampa mgongo. Akagonga tena kwa funguo. Nilijua kwamba huenda hicho ndicho kipindi changu cha mwisho, na niliogopa, maana nje ya pale mimi ni mzee tu mwenye ukali usio na kazi. Lakini sikukata.

Sauti ikaanza kupanda. Nikafungua maikrofoni, taa nyekundu ikawaka. Nikahesabu magitaa yakitoka, moja, jingine, la mwisho.

“Kele! Wanakujaaa!”

Usiku uliotangulia nilifanya mazoezi chumbani. Nilijua nina sekunde tisa, na nilijua jibu linaingia sekunde ya pili, kama zamani. Ya pili ikafika, nikafungua mdomo, jibu halikutoka. Ya tatu. Ya nne. Studio nzima ilikuwa kimya, na nyumba zote zilizokuwa bado zinatusikiliza zilikuwa kimya, na dada yangu alikuwa anangoja.

“Waje!” Sauti ikanipasuka katikati. “Waje, Mariana! Nipo!”

Kisha gitaa moja likapigwa mara moja, na wimbo ukaisha.

Kioo cha kompyuta kikajaa ujumbe. Sasa na Mwalimu naye kaingia frimasoni. Mpelekeni hospitali. Huyu mzee analia hewani? Rosemery alikuwa ameshafungua mlango na mkono wake uko kwenye swichi. Ndipo simu yangu mwenyewe ikatetemeka mezani, na nilipoiona namba nikaivaa miwani ili nisisome vibaya.

Evod aliandika: Umechelewa kuingia, mjomba.