Karoti za Kizimba cha Tisa

Pale maabara wananiita Mama Panya, nami sina neno. Kazi yangu ni kuchanganya chakula cha panya weupe, kukipima, kukigawa, kubadilisha maranda ya mbao chini ya vizimba, na kuandika kwenye daftari kilicholiwa na kilichobaki. Nimeifanya miaka kumi na mmoja bila doa, kasoro mwezi mmoja.

Bosi wangu ni daktari wa utafiti, mwanamke mfupi, mbishi. Tulimpachika jina la Hadubini kwa sababu uso wake umezama kwenye hicho chombo kutwa nzima. Alichokuwa anatafuta alinieleza mwenyewe siku ya kwanza ya utafiti ule.

"Mapafu ya mtoto tumboni yanaanza na bomba moja, Mama. Linagawanyika, na kila tawi linagawanyika tena. Vitamini A ni moja ya vitu vinavyotoa amri hiyo. Mama akiikosa, matawi yanakuwa machache. Mtoto anatoka, anataka kuvuta hewa, hana pa kuiweka."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake akapumua kwa saa nne, mikononi mwangu. Walisema mapafu, basi, hakuna aliyetuambia zaidi. Na kufikia mwezi ule wa doa langu, binti yangu alikuwa na mimba nyingine ya miezi mitano. Utafiti ule niliutaka ufike mwisho kuliko Hadubini mwenyewe.

Panya wa vizimba sita vya kwanza walikula chakula cha njano, chenye kila kitu. Wa vizimba sita vya mwisho walikula cheupe, kisicho na vitamini A hata chembe. Kwenye kizimba cha tisa alikuwepo mmoja aliyekatika ncha ya mkia, ambaye akisikia viatu vyangu tu, huyo, mbio kwenye waya. Wiki zikapita, manyoya yakafifia, macho yakawa mekundu yenye ukoko. Tayari alikuwa na mimba. Siku moja alikuja kwenye waya kama kawaida, lakini alinitafuta kwa pua, maana macho hayakumfaa tena.

Nikamkatia kipande cha karoti kutoka chakula changu cha mchana. Kimoja tu, nikajiambia. Wa kizimba cha nane akanusa, wa kumi naye akanusa. Ningewanyimaje? Siku tano mfululizo nilijiambia kimoja tu, na kwenye daftari sikuandika kitu.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Hadubini akaniita. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nimekata vipande vya mapafu upya, nimetia rangi upya, mara tatu," alisema. "Katika mama sita walionyimwa, watatu watoto wao wana mapafu mabovu, watatu mazuri. Nusu kwa nusu, Mama! Basi nilikosea. Nimeshaandika barua kwa kamati ya utafiti kwamba vitamini A haina uzito niliodhani. Mchana naituma."

Nikatoka kwenda kuchukua maranda. Nilishika gunia nikashindwa kulinyanyua. Daftari langu lilikuwa safi, na usafi wake ulikuwa uongo mtupu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini barua ile ingetoka na kosa langu, likiwa limevalishwa lugha ya kitaalamu, na watu wangeliamini. Nikamkumbuka yule wa saa nne. Nikapiga moyo konde, nikarudi.

"Daktari, usiitume. Niliwapa karoti."

Alinikodolea macho. "Nani?"

"Wa nane, wa tisa, wa kumi. Kuanzia siku ya kumi na nne ya mimba mpaka ya kumi na nane."

"Mama Panya! Miezi minane ya kazi! Unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Sasa kwa nini uliwapa?"

"Wa tisa alinitafuta kwa pua."

Akakaa chini. Kisha akavuta vioo vitatu vya yale mapafu mazuri, cha nane, cha tisa na cha kumi, akainamia hadubini yake kimoja baada ya kingine.

"Kumbe hata siku ya kumi na nne haijachelewa," alinong'ona. Aliponiona nataka kutabasamu akanikata. "Usifurahi! Hii haithibitishi chochote. Hukupima, hukuandika, ni umbea wa karoti. Ila sasa najua pa kuchimba. Tunaanza upya. Kundi la tatu litapewa dozi iliyopimwa kuanzia siku hiyo. Wa chakula cheupe hawapewi kitu kingine. Na atakayewalisha ni wewe."

"Mimi? Tafuta mwingine, Daktari, nakuomba."

"Mwingine atawaonea huruma asiseme. Wewe umesema."

Nilipewa barua ya onyo, na tangu siku ile chakula cha mchana nakula nje ya geti. Nilipouliza kama nimpelekee binti yangu vidonge vya vitamini A, Hadubini aliruka. "Thubutu! Ikizidi nayo inaharibu mtoto. Aende kliniki, wamwambie wao." Akaenda, nikiwa naye bega kwa bega.

Leo ni siku ya kumi na nne ya mimba za panya wapya. Nimejifunga kibwebwe tangu alfajiri. Wa kundi la tatu nimewapa dozi zao, tone kwa tone. Nikafika cha tisa. Aliyemo ana mkia mzima, lakini viatu vyangu anavijua, na macho yake yameanza ukoko. Nikapima gramu ishirini za chakula cheupe, nikamwekea. Hakukigusa. Aliinua pua kwenye waya, akanusa huku, akanusa kule, akinitafuta.

"Nisamehe, mama mwenzangu," nilimwambia.

Nikaandika: kizimba cha tisa, gramu ishirini, hakuna kingine. Nikafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na glavu, nikasogea cha kumi.