Kinyozi wa Waziri

Mimi sipendi tamthilia za siasa, niseme mapema. Wanasiasa wa kweli wananitosha. Lakini hii ya "Waziri wa Mwisho" niliitazama kwa sababu mdogo wangu ni mmoja wa wanaoiandika, na damu ni nzito kuliko maji.

Kila Alhamisi jioni saluni yetu ilijaa. Chumba chenyewe ni kimoja: huku mbele baba ananyoa wanaume, huku nyuma ya pazia mimi nasuka wanawake. Televisheni iko juu ya mlango, na siku hiyo pazia tulikuwa tunalifunga pembeni ili wote waone. Jina la mdogo wangu likipita kwenye kioo, baba alizima mashine ili kila mtu asome. Ukiwa umenyolewa nusu kichwa, shauri yako.

Basi katikati ya msimu ule wa kwanza wakaleta kinyozi. Kinyozi wa waziri. Watu wanamwambia yote, ya nyumbani na ya kazini, naye jioni anayapeleka kwa waziri, kesho yake mtu anakamatwa. Sawa, ni hadithi. Lakini kinyozi huyo alikuwa anatupia taulo bega la kushoto kama baba. Alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kuuliza, "Tupunguze au tuondoe?" kama baba. Hata kule kumpuliza mtu shingoni nywele zitoke, ni baba yule yule. Watu walicheka wakagongeana mikono. Baba naye alicheka, lakini alikuwa anaangalia sakafu.

Wiki iliyofuata kicheko kikakauka. Watu wakaanza kunyamaza kwenye kiti. Watu wazima na akili zao, mtaani hapa hapa, waliamini kwamba kama aliyeandika ni mtoto wa kinyozi, basi lisemwalo lipo. Tuna mteja tunamwita Redio, kwa sababu tangu nimjue hajawahi kuzimwa. Redio alikuja, akanyolewa nywele na ndevu, akaondoka bila kutoa neno. Nilichungulia nikadhani katoka kung'olewa jino. Wengine hawakurudi kabisa. Jamani, kinyozi bila maneno ya watu ana tofauti gani na mkata majani?

Baba akahamishia televisheni kwenye mpira, wala hakuna mteja aliyeomba abadilishe. Akasema jambo moja tu: "Kijana ameniuza, tena rejareja." Mdogo wangu alipopiga simu, hakupokea. Alipokuja kuomba radhi, baba alitoka kwa mlango wa nyuma, akakaa huko nje mpaka mwanawe alipochoka kungoja. Hakuja tena. Na sasa baba alikuwa ameanza kusema atauza kile kiti apumzike. Apumzike na nini? Baba yangu hajui kukaa. Kiti kikiondoka tutabaki na mzee anayetazama ukuta, na mdogo wangu hatakanyaga nyumbani maisha, kwa sababu kila akiangalia ule ukuta ataona ameujenga yeye. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha.

Halafu siku moja akanipigia.

"Dada, msimu wa pili unaanza Alhamisi. Kinyozi yumo. Naomba baba atazame kipindi kimoja tu."

"Kinyozi yumo?" nikamwambia. "We mtoto una wazimu? Hujatosheka kutuaibisha?"

"Kimoja tu, dada."

"Kuna nini humo ndani?"

"Nimesaini kwamba sitamwambia mtu."

"Hata mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Hata wewe. Ila ukikubali, nitakuja mwenyewe kukaa naye. Ukikataa siji."

Nikakata simu bila kuaga. Nilikuwa nasuka kichwa cha mama mmoja, nikaendelea kusuka huku nawaza. Tuseme nimekubali, halafu kinyozi wao akaja na balaa jipya: baba ndiyo basi. Tuseme nimekataa: nani atamwita tena huyu mtoto nyumbani? Tamthilia ile ilituumiza mara moja, na mimi si mtu wa kukanyaga mwiba ule ule mara mbili kwa hiari. Lakini sauti yake kwenye simu haikuwa ya mtu mwenye ujanja. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Dada," yule mama akasema, "unaniondoa ngozi ya kichwa."

Nikamwomba samahani, nikalegeza. Halafu nikachukua simu nikamwandikia mdogo wangu: Njoo. Potelea mbali.

Alhamisi akaingia na kichwa kama kichaka. Tangu azaliwe, kichwa kile hakijawahi kunyolewa na mtu mwingine, na inaonekana hata katika ugomvi hakuthubutu kukipeleka kwingine. Akasalimia. Redio aliyekuwa kwenye kiti akaitikia, baba hakuitikia. Mdogo wangu akakaa kwenye benchi kusubiri zamu kama mteja yeyote, na Redio alipomaliza hakuondoka. Alijisogeza kwenye benchi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Huyo hukosi kumwona penye jambo.

"Anayefuata," baba akauambia ukuta.

Mdogo wangu akakaa kwenye kiti. Baba akamfunga kitambaa shingoni, akakikaza kuliko inavyohitajika. Sasa, pale kwetu kuna sheria, na baba ndiye aliyeiweka: aliyeko kwenye kiti ndiye mwenye rimoti. Mkuu wa polisi akija atasubiri zamu yake. Mtu ukishamwekea wembe shingoni, baba husema, angalau achague cha kutazama. Mdogo wangu akanyoosha mkono kutoka chini ya kitambaa na kuuacha hapo, wazi.

Baba akanigeukia kwa macho ya kuniuliza kama na mimi nimo. Nilikuwemo.

"Sheria ni yako, baba," nikasema.

Akampa rimoti kwa kuitupia mapajani, akaanza kunyoa.

Kipindi kikaanza. Waziri hakuonekana kabisa. Alionekana kinyozi kwenye duka lake, na duka halina mtu. Anafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja. Anakunja taulo zilizokwisha kukunjwa. Mwisho anakaa kwenye kiti chake mwenyewe, anajitazama. Mashine ya baba ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Kisha kinyozi akafunga vifaa vyake kwenye mkoba, akaenda hadi nyumbani kwa mwalimu mmoja aliyefungwa kwa maneno ambayo kinyozi aliyapeleka kwa waziri, na sasa ametoka. Akabisha hodi. Akasimama pale na mkoba wake. Kipindi kikaishia hapo hapo mlangoni.

Baba alikuwa amesimama na mashine mkononi. "Huyu anaomba msamaha," akasema. "Mimi naomba msamaha wa nini? Maneno ya mtu hayajawahi kutoka humu kwa mdomo wangu. Hata mama yenu, Mungu amrehemu, sikumwambia."

"Najua, baba. Huyo si wewe." Mdogo wangu alikuwa anaongea na kioo cha ukutani, maana kichwa chake bado kilikuwa kimeshikwa. "Aliyekaa humu tangu utotoni akisikiliza watu, halafu akaenda kuyauza maneno yao, ni mimi. Kinyozi yule ni mimi. Nilimvalisha taulo lako tu, ili nisijione."

Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Redio akasimama wima.

"Ngoja kwanza! Ile habari ya msimu wa kwanza, ya shemeji aliyejificha ndani ya kabati, uliitoa hapa?"

"Hapa hapa. Kwako."

"Si nilijua! Nilijua ni yangu, nikasema lazima atakuwa…" Akamwangalia baba, akashindwa kumalizia. "Nisamehe, Fundi. Nilikudhania wewe."

Baba akatikisa kichwa, kama mtu anayekataa chai huku ameshika kikombe. Akapangusa mashine kwa brashi ndogo, polepole, muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

"Huyo mwalimu," akauliza, "anafungua mlango?"

"Bado hatujaandika. Tunaandika wiki kwa wiki. Wenzangu wanataka asifungue."

"Na wewe?"

"Mimi nitajuaje, baba? Mimi niko upande wa nje."

"Asifungue upesi!" Redio akadakia. "Amwache kwanza hapo, watu wapate utamu."

Baba akawasha mashine. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe, akakishika vizuri.

"Waambie afungue," akasema. "Amesimama nje vya kutosha. Inamisha kichwa."