Harusi ya Digna Ukutani

Mzee Remigius hakuwa mtu wa maneno. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye pantoni pale Kivukoni, nje ya mji wa Ifakara, akivusha watu na magari kwenda upande wa Ulanga, maongezi yake yalikuwa na kamba, injini na maji. Abiria walimzoea hivyo. Mkewe Febronia naye alimzoea, ila kuna siku mazoea hayamsaidii mtu.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka tisini na sita. Remigius alikuwa amerudi kutoka Mbeya kwenye harusi ya binti yao, Digna. Febronia hakwenda. Wiki chache kabla ya harusi aliteleza kwenye tuta la shamba lao la mpunga, huko Lumemo, akavunjika nyonga, na daktari hakutaka hata kusikia habari ya kupanda treni. Kwa hiyo alibaki kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto, na mumewe alipofungua mlango alimkuta amejifunga khanga safi, amekaa tayari.

"Haya, nieleze," alisema, mumewe hata hajavua viatu. "Ilikuwaje?"

Remigius alifikiri kidogo. "Ilikuwa nzuri."

"Nzuri vipi, Baba Digna?"

"Watu walikula wakashiba."

Febronia alisubiri. Hakuna kilichoongezeka. Alivuta shuka, akageukia ukutani, na Remigius alisimama pale na begi lake mkononi, akijua kwamba amekosea jambo, asijue alirekebisheje. Maneno alikuwa nayo. Yalikuwa yamejaa kifuani tangu Mbeya. Lakini kila alipotaka kulitoa moja, mengine yote yalisukumana nyuma yake, na mwisho halitoki hata moja.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Febronia alikuwa amekwisha kunyanyuka, anatembea kwa fimbo. Ndipo Digna alipotuma mkanda wa video wa harusi, umeviringishwa kwenye gazeti na kufungwa kwa uzi, ukaletwa hadi mlangoni na kijana wa relini. Febronia aliushika mikononi, akaunusa, akacheka peke yake.

Jirani yao Levina, mwalimu wa sekondari, alikuwa na televisheni ndogo na deki ya kuchezea mikanda. Jioni hiyohiyo walikwenda kwake. Levina aliwaamkia, "Shikamooni," akamsogezea Febronia kiti karibu kabisa na kioo. Mkanda ukaanza, na hapohapo ikajulikana kwamba hauna sauti. Mpiga picha wa Mbeya alikosea waya mahali fulani. Kilichosikika ni mvumo tu, kama wa mzinga wa nyuki.

"Si neno," Febronia alisema. "Nimekuja kuona."

Aliinama mbele mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu miaka kadhaa nyuma, jambo ambalo hakupenda lizungumzwe. Akakaza macho hivyo kwa kitambo, kisha akapiga makofi.

"Jamani, mwanangu kapendeza! Tazameni gauni lile, tazameni mkia wake!"

Remigius alitazama. Kwenye kioo kulikuwa na gari jeupe lililofungwa utepe, linaingia taratibu uwanjani pa kanisa. Digna hakuwamo bado. Levina alimtupia mzee jicho, mzee akamtupia yeye, na wote wawili wakatazama chini.

"Kapendeza kweli," alisema Remigius.

Njiani kurudi nyumbani alimshika mkewe kiwiko, kwa kuwa udongo ulikuwa unateleza. "Nimeona kila kitu," Febronia alisema, bila kuulizwa. Usiku ule hakuimba wakati wa kupanga vyombo, na yeye alikuwa mtu wa kuimba. Remigius alilala akiwaza gari lile jeupe, na namna mkewe alivyolipigia makofi.

Asubuhi alikwenda kwa Severini. Huyu waliwahi kufanya kazi pamoja kwenye pantoni, na sasa aliuza vipuri vya baiskeli karibu na soko. Nyuma ya duka lake, chini ya matairi, kulikuwa na sanduku ambalo kila mtu Ifakara alilijua kwa masimulizi: projekta ya video, aliyoinunua kwenye mnada wakati mradi mmoja wa wageni ulipofunga ofisi. Severini alitaka kuanzisha ukumbi wa sinema. Aliiwasha mara moja tu, ikanguruma na kutoa mwanga wa bluu, akaogopa, akairudisha chini ya matairi.

"Inatoa picha kubwa kiasi gani?" Remigius aliuliza.

"Mle ofisini kwao ilijaza ukuta mzima. Kichwa cha mtu kama tairi la trekta."

"Niazime."

Severini alicheka. "Wewe? Unataka kuona sinema gani?"

Remigius alitazama vidole vyake. "Mama Digna hakumwona mwanawe," alisema. Severini aliacha kucheka, akaanza kuondoa matairi.

Nyumbani, Remigius alishusha kalenda ya parokia kutoka ukuta wa sebuleni, akang'oa misumari, akaziba matundu, akapaka chokaa. Ilipokauka akapaka tena.

"Krismasi bado, unahangaika na chokaa ya nini?" Febronia aliuliza kutoka jikoni.

"Ukuta ulichafuka."

Jumamosi mchana Severini alifika na sanduku juu ya baiskeli, akiisukuma kwa uangalifu kama amebeba mgonjwa. Levina alileta deki yake na nyaya. Febronia alikuwa ameshaelewa kwamba kuna jambo, akakaa barazani akichambua mchele, sikio likiwa ndani.

Kazi haikuwa nyepesi. Kwanza waliweka mashine juu ya meza ya sebuleni, na picha iliyotoka ukutani haikuzidi gazeti lililofunguliwa. Levina, aliyekuwa amefungua kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, alisema mashine lazima irudi nyuma ndipo picha ikue. Wakairudisha nyuma mpaka mgongo wa meza ukagonga ukuta. Bado. Mwishowe Remigius aliibeba meza na kuiingiza chumbani kwao, pembeni ya kitanda, mwanga ukapita mlangoni kwenda sebuleni, na picha ikajaa ukuta.

Ila ilikuwa imesimama kwa kichwa. Mti ulining'inia, na kanisa la Mbeya lilielekeza msalaba wake sakafuni.

"Mkanda umeharibika," alisema Severini.

"Hapana," Levina alisema, akifuata mistari kwa kidole. "Nadhani kule ofisini waliifunga darini, miguu juu. Ilikuwa inajua kwamba imening'inia. Lazima tuiambie sasa imekaa mezani."

Wakabonyeza kitufe hiki, wakabonyeza kile. Maandishi yalitokea na kupotea. Mara moja kila kitu kikawa cha kijani. Mara nyingine kanisa likasimama sawa lakini watu wakawa wanashika vitabu kwa mikono ya kushoto, wote. Kisha Levina akabonyeza tena, na dunia ikarudi mahali pake. Severini alishangilia. Picha ilikuwa bado pana juu na nyembamba chini, mfano wa ndoo, kwa sababu mashine ilikuwa chini mno na inatazama juu. Remigius alitoka nje, akarudi na matofali, akainua meza mguu mmoja baada ya mwingine mpaka pande za picha zikasimama wima. Halafu akashika pete ya lenzi na kuizungusha kidogo kidogo, kama alivyokuwa akifungua dizeli kwenye injini ya pantoni, ukungu ukawa watu, watu wakawa na pua na meno.

"Acha hapo!" Levina alisema. "Usiguse tena."

Mchana ulikuwa bado mkali na rangi zilififia. Walitundika blanketi kwenye madirisha, wakaizima mashine, wakasubiri jua lizame. Ndipo Remigius alipokwenda barazani kumchukua mkewe.

"Njoo, Mama Digna."

"Mnafanya nini humo ndani?"

"Njoo tu."

Alimkalisha katikati ya sebule. Levina akasukuma mkanda, na ukutani, kutoka sakafuni hadi karibu na kenchi, akatokea Digna akishuka kwenye gari jeupe.

Febronia alishika fimbo, akasimama, akaenda mpaka ukutani. Kivuli chake kikaangukia gauni la binti yake. Alisogea kando, akaweka kiganja kwenye shavu lile kubwa la mwanga, lililokuwa pana kuliko mikono yake miwili.

"Ndiye," alisema. "Kapungua. Mbona kapungua hivi?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Yule niliyemwona juzi hakuwa yeye."

"Hakuwa," alisema Remigius.

"Na ninyi mlijua."

"Tulijua."

Alirudi kukaa. Severini alitaka kusema kitu juu ya sauti, kwamba angeuliza kwanza fundi, labda waahirishe, lakini Febronia alimwonyesha mkono kwamba anyamaze. Picha ilikuwa imeingia kanisani. Padri alikuwa akisogeza midomo.

"Baba Digna. Wewe ulikuwepo. Anasema nini huyu?"

"Anamwuliza mkwe wetu Fredy kama amekuja kwa hiari yake."

"Fredy akajibuje?"

"Alikohoa kwanza. Alikohoa sana. Watu wakaanza kucheka. Shangazi yake akamletea maji pale pale altareni. Akanywa yote, ndipo akasema ndiyo, na aliisema kwa nguvu hata wa nje walisikia."

Febronia alicheka, na kicheko hicho kilimsukuma mumewe mbele kama kasia. Alimweleza wimbo waliouimba na jinsi mwanakwaya mmoja alivyowahi kuanza, akabaki peke yake na sauti yake. Akamweleza kwamba pete ilikataa kupita kwenye kifundo cha kidole cha Digna, ikabidi akilambe mbele ya padri. Akamwambia baridi ya Mbeya ilivyomng'ata asubuhi ile, na kwamba koti alilovaa aliazimwa na baba yake Fredy. Alikuwa akishangaa mwenyewe kusikia sauti yake. Maneno yalitoka moja moja, kila moja likiitwa na picha yake, bila kusukumana.

Kumbikumbi walianza kuingia. Blanketi la dirishani lilikuwa na upenyo, na mwanga wa mashine uliwavuta kutoka bustani nzima. Vivuli vyao vikubwa kama popo vikapita juu ya maharusi wakikata keki. Levina alitoka mbio, akaweka beseni la maji na taa barazani, wengi wao wakamfuata huko.

"Waache waliobaki," Febronia alisema. "Wamekuja harusini."

Mpiga picha sasa alikuwa akipitisha kamera polepole mbele ya meza ya wazazi. Wakapita wazazi wa Fredy, wanatafuna. Akafuata mzee mmoja aliyevaa koti lililomzidi mabega, ameketi wima. Kiti cha kulia kwake kilikuwa kitupu, ila kwenye mgongo wa kiti hicho kulilazwa khanga, imekunjwa vizuri, na mbele yake, mezani, kulikuwa na sahani ya pilau na soda iliyofunguliwa. Mtu alikuja kutaka kile kiti. Mzee alitikisa kichwa, akaweka mkono juu ya khanga.

Remigius hakujua kwamba kamera ilifika pale.

"Huyu ni wewe," alisema Febronia.

"Ni mimi."

"Na ile ni khanga yangu ya bluu." Alisogea mbele. "Kiti kile cha nani?"

Ukutani, Digna alikuja na kipande cha keki kwenye uma, akamlisha baba yake. Halafu baba yake akamwambia kitu, na Digna akarudi, akakata kipande kingine, akakiweka kwenye kitambaa ambacho mzee alikitandaza kiganjani. Alikifunga pembe nne, taratibu, akakitia mfukoni.

"Kipande changu," Febronia alisema.

"Chako."

"Kiko wapi?"

"Kiliharibika kwenye treni. Tulikaa sana Mlimba, na joto lile. Nilipofungua nikakuta sisimizi. Nikakitupa. Sikutaka kukuletea habari ya keki iliyooza. Nikaona nisiseme."

Febronia alinyoosha mkono gizani, akaupata mkono wake, akaushika. Levina alikuwa amesimama mlangoni na beseni, hakuingia. Severini alijikuta akichunguza waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Tuliitwa kulisha maharusi," Remigius aliendelea, bila kuulizwa. "Msemaji akasema, wazazi wa bibi harusi wasimame. Nilisimama na khanga. Digna alipoiona akaanza kulia, nami nikalia. Hapo kamera haikuja, nashukuru."

Mkanda uliisha, ukuta ukawa wa bluu. Levina alizima taa ya projekta lakini akawaonya wasichomoe waya. Feni lazima iendelee mpaka mashine ipoe. Kisha yeye na Severini wakaaga, kila mmoja akidai ana kazi nyumbani. Wawili wakabaki wamekaa kwenye giza, feni ikivuma chumbani pembeni ya kitanda chao.

"Kesho tutaitazama tena kabla Severini hajaichukua," alisema Febronia.

"Tutaitazama."

"Lakini kwanza nataka nijue safari. Ulivyokwenda. Kila kitu, usiruke."

Remigius alifikiria pa kuanzia. Akaanzia stesheni, pale alipokata tiketi moja huku karani akimwuliza mama yuko wapi.