Timu ya Alhamisi Saa Kumi

Alhamisi ya pili ya Novemba mwaka 1995, saa kumi kasorobo alasiri, Jotham alikuwa akimnyoa mzee Tamati ndevu katika chumba nambari 114 cha nyumba moja ya wazee mjini Saint Paul, Marekani. Alinyoa polepole, akiivuta ngozi kwa kidole gumba, kwa sababu ngozi ya mtu wa miaka mia moja na saba inachanika kwa jambo dogo tu. Chakula cha jioni kingeletwa saa kumi na nusu, saa ambayo kwao Vihiga, Kenya, watu hawajafikiria hata chai. Alikuwa amemaliza shavu la kushoto waliposikia viatu vya njumu vikigonga sakafu ya korido.

"Leo wamewahi," alisema mzee.

Walikuwa wachezaji ishirini na watano pamoja na meneja wao. Walikuja kila Alhamisi tangu Septemba, vijana wa miaka ishirini na kitu, wamevaa jezi za sufu zenye kola, nguo zinachuruzika maji ya bahari. Kutoka Saint Paul hadi bahari iliyo karibu ni safari ya siku mbili kwa gari, lakini maji yale yalikuwa ya chumvi, mfagizi aliyaonja. Susan, mkurugenzi wa nyumba ile, mama mpenda utaratibu, aliagiza mikeka ya mpira itandikwe mlangoni na kibao cha njano kiwekwe cha kuonya kwamba sakafu imeloa. Akawataka pia wasaini kitabu cha wageni kama watu wengine. Walisaini bila kinyongo, kwa mwandiko mzuri wa wino. Penye uhusiano na mkazi waliandika "rafiki". Penye jina la mkazi waliyekuja kumwona waliacha wazi, wote ishirini na sita.

Wafanyakazi wengine waliwachukulia kuwa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani waliosahau kofia zao. Jotham peke yake ndiye aliyejua ni raga, maana alisukuma skramu, kichwa kwa kichwa na wapinzani, miaka minne shuleni Kakamega, na sikio lake la kushoto lilibaki limekunjamana mpaka leo. Ni sikio hilo lililomfanya mzee Tamati amwamini. Alilitazama siku ya kwanza alipokuwa akiogeshwa, akacheka, na tangu siku hiyo kila mara ya kuogeshwa ilikuja na kipande cha hadithi.

Mwaka 1912 timu yao ilipanda meli kutoka New Zealand kwenda Afrika Kusini kucheza mechi kumi na nne. Haikuwa ile timu kubwa ya taifa. Ilikuwa timu ya wilaya tu, na hakuna kitabu kilichoihifadhi. Tamati, ambaye mama yake alikuwa Mmaori, watu wa asili wa kule, alikuwa winga, na hakuna mtu aliyewahi kumkamata akishapata mwanya. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe, lakini Jotham hakuona sababu ya kubishana na mtu wa umri ule. Meli ilipotia nanga Durban, simu ya maandishi ilikuwa inawasubiri: wenyeji hawakutaka mtu wa rangi uwanjani. Meneja akasimama na orodha yake juu ya sitaha, akachora mstari wa penseli juu ya jina moja. Akamwambia Tamati abaki melini. Wataandika barua kwa wenyeji, na jibu likija watamwita. Wenzake ishirini na watano walitazama viatu vyao, kisha wakashuka ngazi.

Tamati alisubiri siku nne. Siku ya tano meli iling'oa nanga naye ndani. Ikampeleka London, London ikampeleka New York, na treni ikammwaga Minneapolis, ambako alibeba magunia ya unga kiwandani kwa miaka arobaini. Huko alisikia kwamba meli iliyowarudisha wenzake kwao ilizama, hakunusurika mtu. Huku nako watu walimwangalia rangi wakaona imetosha, hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Alioa mwanamke mwema aitwaye Alice. Nyumba yao ilibomolewa pamoja na mtaa mzima kupisha barabara kuu, na Alice hakuishi sana baada ya hapo.

Sasa timu ile ile ilikuwa imekuja. Kila Alhamisi ilitembea mpaka dirisha la mwisho wa korido, ikageuka, ikapita mbele ya chumba 114, na saa kumi na dakika ishirini ikatoka. Mzee Tamati alikaa akiuelekea mlango. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza shingo. Jotham aliumia kwa jambo hilo kuliko alivyotaka kukiri, na hatimaye akamwambia Maureen, nesi wa zamu, mwenzake kutoka Kenya.

"Hawa watu hawajawahi kukaribishwa," alisema. "Tunawapa kitabu wasaini na kibao cha njano. Nani anaweza kuongea hivyo? Nataka kuwapa chai."

"Jotham, hao ni wazungu," alisema Maureen, bila kuinua macho kutoka kwenye faili. "Watakunywa chai yako, waseme thank you, waende."

"Sista, mtu akishakula kwako hawezi kukukatalia usoni."

"Hiyo ni home. Hapa una-assume tu."

Lakini Jotham alikuwa ameshaamua. Kwao mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajashiba, na mwenye haja hajisemei, husemewa. Ndivyo kaka zake wawili walivyopata wake, na kanisa lao likapata kiwanja. Hakuona kwa nini utaratibu uliofaa kwa wakwe wagumu wa Vihiga ushindwe na vijana wa raga. Alhamisi iliyofuata alifika kazini na chupa tano za chai ya maziwa, na mandazi mia moja na ishirini aliyoyakaanga mpaka mwenye nyumba wake akaja kuuliza harufu ile ni ya nini.

Alimvika mzee suti ya kijivu ambayo yeye Jotham alikuwa amesafiria kuja Marekani, kwa kuwa kwao mtu hapandi ndege bila suti. Akamfunga tai. Akapakia begi dogo: soksi, fulana, miwani, picha ya Alice.

"Leo unaenda, Mzee," alisema.

"Wamekwambia?"

"Watakubali."

Mzee alilichungulia begi. Kisha akaomba mswaki wake uwekwe begini pia, na Jotham akauweka.

Timu ilikuja saa kumi kamili. Jotham alikuwa ameunganisha meza kwenye korido, mbele kabisa ya mlango wa 114 uliokuwa wazi. Aliwakaribisha, nao wakaketi, wakala kama vijana waliotoka mazoezini. Nahodha, mtu mwenye pua iliyovunjika, alimaliza mandazi sita na kuomba chai tena. Maji yalidondoka kutoka mikononi mwao mpaka kwenye vikombe, na hakuna aliyelalamika kwamba chai ina chumvi. Jotham alizunguka akimimina, akangoja mpaka sinia zikabaki na makombo. Ndipo akasimama, akaunganisha mikono mbele, akasema kwamba ana mzee wake, mtu mpole, asiye na deni la mtu, aliyeachwa njiani na wenzake miaka themanini na mitatu iliyopita, na sasa anaomba wampokee waende naye.

Meneja alijifuta midomo. Alitoa orodha mfukoni, akaikunjua juu ya meza. Karatasi ilikuwa imelowa lakini mstari wa penseli ulionekana vizuri.

"Chai ilikuwa nzuri sana," alisema. "Suala la Tamati tumewaandikia wenyeji. Bado hawajatujibu."

"Wenyeji hao wamekufa wote."

"Basi watachelewa kujibu."

"Ile sheria yenyewe ya ubaguzi imefutwa," alisema Jotham. "Afrika Kusini walipiga kura mwaka jana. Ilionyeshwa kwenye televisheni."

"Sisi hatujapata barua," alisema meneja, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote.

Jotham aliwageukia wachezaji. "Na ninyi? Mlicheza naye. Mnasemaje?"

Wachezaji walitazama viatu vyao. Walivitazama kwa muda mrefu, kwa makini, kana kwamba kamba zilihitaji kufungwa upya. Kisha saa kumi na dakika ishirini wakainuka, wakamshukuru Jotham mmoja mmoja kwa kumpa mkono, wakatoka. Mkono wa kila mmoja ulikuwa wa baridi, na kila mmoja alimaanisha shukrani yake.

Jotham aliingia chumbani. Mzee alikuwa kitini, begi mapajani. Alikuwa amesikia yote. Jotham akapiga magoti kumfungua tai.

"Nisamehe, Mzee. Ni mimi niliyekuahidi."

"Walikula?"

"Walimaliza yote."

"Wana adabu," alisema mzee Tamati. "Siku zote walikuwa na adabu."

Alifariki mwezi wa pili, Jumamosi asubuhi, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha. Jotham alimwosha mwenyewe, akaenda kwenye chumba cha shuka, akajifungia, akalia. Alimlilia kama mtu anayemlilia babu yake, na Maureen alimshikia zamu bila kuuliza. Mzee alizikwa kando ya Alice.

Alhamisi iliyofuata Jotham hakuwa na zamu, lakini alipanda basi akaja. Alikuwa na tumaini moja ambalo hakumwambia mtu. Aliwaza kwamba kilichowashinda kumchukua mzee ni kwamba alikuwa hai, na kwamba sasa, wote wakiwa upande mmoja, mambo yangekuwa rahisi. Alisimama kando ya mikeka ya mpira, akawahesabu walipokuwa wakiingia. Walikuwa wachezaji ishirini na watano na meneja wao. Akawahesabu tena walipokuwa wakisaini kitabu. Hawakuongezeka.

Akaenda 114. Kitanda kilikuwa kimeshapewa mzee mwingine, Gregory, dereva mstaafu wa trela, aliyekuwa akitazama kipindi cha upishi kwenye televisheni. Kando ya mlango alisimama kijana wa miaka ishirini na minne, mabega mapana, jezi ya sufu imekauka kabisa, begi mkononi.

"Huyo amekuja Jumamosi," alisema Gregory. "Hana neno."

Njumu zikapita nje. Nahodha akapita, wachezaji wakapita, macho sakafuni, karibu kiasi kwamba kijana angeweza kumgusa yeyote kati yao kwa mkono. Meneja akapita mwisho, akapapasa mfuko wa koti kuhakikisha karatasi ipo. Mlango mkubwa ukafunguka, ukafungwa.

Jotham alivuta kiti cha dirishani, akakisogeza mpaka mlangoni.

"Kaa, Mzee," alisema, kwa sababu hakujua amwite nani mwingine. "Hawarudi mpaka wiki ijayo."

"Acha nisimame," alisema Tamati. "Wakiniita wasinikute nimekaa."